Mawaridi Saba ya Antim

Bhateri hakuiomba ile simu. Aliitwa pamoja na wenzake thelathini kwenye ukumbi wa wilaya, wakakalishwa chini kwenye zulia huku maofisa wamekaa vitini, wakapigwa picha kila mmoja ameshika boksi lake kifuani, wakaambiwa wapige makofi. Wakapiga. Kisha fundi mwenye miwani akapita mstari kwa mstari akiingiza ndani ya kila simu kitu alichokiita Mlinzi.

"Mlinzi wa nini?" aliuliza Phuli, mhudumu wa afya wa kijiji cha jirani, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona. "Kwani tunaibiwa?"

"Wa kuwalinda ninyi," fundi alijibu. "Simu ya serikali, kazi ya serikali. Tukiwa ofisini tunaiona iko wapi, tunaona umefungua programu gani. Isiyofaa tunaiondoa hukohuko tuliko, wala hatukusumbui."

"Mume wangu angefurahi sana kupata kidude kama hicho," alisema Phuli. "Huzunguka kijiji kizima kwa miguu akinitafuta."

Wanawake walicheka ndani ya mitandio yao. Narwal, afisa aliyewasimamia wote, hakucheka. Alisema simu ni dhamana, alisema fedha za umma, akamalizia kwa kuagiza kwamba laini iliyoandikishwa ofisini ndiyo itakayokaa ndani ya simu hiyo, si nyingine. Mhudumu mmoja, laini moja, simu moja.

Bhateri aliingiza laini yake. Simu yake mwenyewe ilikuwa imetumbukia kwenye hori la kunyweshea nyati wa maziwa wakati wa mvua, na tangu siku hiyo ilionyesha nusu ya kioo tu. Moyoni alijisemea kwamba afadhali. Neno hilo, afadhali, lilikuja kumuuma baadaye kuliko matusi yote aliyotukanwa.

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Jina lake, kwa lugha ya kwao, maana yake ni "wametosha". Baba yake alikuwa amekwisha kupata mabinti watatu, na wa nne alipozaliwa alipewa jina hilo ili Mungu asikie. Majina kama hayo yamejaa vijijini kule, na wenyewe huyabeba maisha yao yote, huitwa nayo sokoni na shuleni, wala hakuna anayeona ajabu. Aliolewa akiwa na miaka kumi na saba akaletwa Kheri Bhullan, kijiji cha ngano na haradali, mwendo wa saa tatu kwa treni kutoka Delhi. Mumewe, ambaye Bhateri, kwa adabu ya kule, hajapata kumtaja kwa jina hata siku moja, alivunjwa mguu na trekta mwaka wa sita wa ndoa, na tangu hapo akabaki na nyati wake wawili na maumivu yake. Kwa hiyo serikali ilipotafuta mwanamke wa kijiji aliyesoma hadi darasa la nane awe mhudumu wa afya, mama mkwe wa Bhateri mwenyewe ndiye aliyemsukuma mlangoni. "Nenda," alimwambia. "Funika uso, fumbua macho."

Alikwenda kwa miaka kumi na minne. Nyumba mia mbili na kumi zilikuwa zake. Alipima watoto, aligawa vidonge vya damu, alisindikiza wajawazito hospitali akishika mkoba wao na aibu yao. Hakuwa na mshahara wa kusema ni mshahara. Alilipwa kwa kazi, kama mbeba matofali. Lakini mwanamke akijifungua salama Kheri Bhullan, mtu wa kwanza kupewa kipande cha sukari guru ni Bhateri, na yeye aliiona hiyo kuwa heshima isiyopungua.

Shida yake kubwa haikuwa maradhi. Ilikuwa ni milango. Mke aliyeolewa kijijini hapo hatoki kwenda kwa mhudumu akasema ninaumwa, maana atakayeulizwa ni mama mkwe: kwani kwako hakuna wakubwa? Mama mkwe naye hawezi kutuma mtu kumwita mhudumu mbele ya wanaume, maana ataambiwa ameshindwa kutunza mji wake, anataka kupeleka siri za nyumba hospitali. Ndiyo maana Bhateri alikuwa na desturi yake: alifika kama mtu anayepita. Alikuja kuazima chekeche, alikuja kuuliza kama nyati amezaa. Hakuna aliyemwita, kwa hiyo hakuna aliyevunjiwa heshima. Akishakaa, akishakunywa mtindi, ndipo hutoa mashine ya presha mkobani kama vile aliikumbuka ghafla.

Lakini mtu anayepita atajuaje apite wapi, na lini?

Hapo ndipo yalipoingia maua. Nchi ile nzima ina ugonjwa mmoja: kukicha, kila mwenye simu huwatumia watu wote anaowajua picha ya ua yenye maneno ya asubuhi njema. Wazee hutuma, makuhani wa mahekalu hutuma, wauza mbolea hutuma. Simu ya nyumbani, hata kama inashikwa na mama mkwe kutwa nzima, asubuhi hupewa mkamwana kwa dakika kumi amjulie hali mama yake na atume maua, kwani kutotuma ni ukosefu wa adabu. Bhateri aliiona nafasi hiyo ndogo kama ufa ukutani, akapenya hapo. Alipokuwa akiwapima wake vijana, aliwanong'oneza: ua la manjano, mimi mzima. Asumini, pita wiki hii. Waridi jekundu, njoo leo.

Kwa miaka mitatu haikumwangusha. Ni mara moja tu ilipomletea kichekesho, pale bibi mmoja mjane wa miaka sabini na miwili alipopendezwa na picha ya waridi akaitumia kijiji kizima, na Bhateri akakimbia hadi kwake na mkoba wa kujifungulia.

"Mkoba wa nini huo?" aliuliza bibi.

"Ulinitumia ua, bibi."

"Nikadhani umekuja kunichumbia!"

Antim alikuwa miongoni mwa wake hao wa maua. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na jina lake nalo lilikuwa la majina yaleyale: maana yake ni "wa mwisho". Alikuwa na mabinti wawili na mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa dereva wa lori huko kusini, hurudi baada ya miezi. Aliishi na baba mkwe anayevuta kiko chake uani mchana kutwa, na mama mkwe aitwaye Kitabo, bibi mrefu, mkavu kama fimbo, ambaye ulimi wake uliogopwa na wauza mboga. Mwezi wa Novemba presha ya Antim ilikuwa imeanza kupanda. Si sana, lakini imeanza. Bhateri alimshika mkono, akajifanya anasifia bangili zake.

"Kichwa kikiuma kisiache," alimnong'oneza, "uso ukivimba, au ukiona vimulimuli machoni, usingoje. Waridi, saa hiyohiyo. Nitakuja."

"Hata kukiwa na ukungu?"

"Hata ukungu ukiwa ukuta."

Maneno hayo ndiyo yaliyowekwa rehani. Hakuna kingine katika habari hii.

Jumatatu ya pili ya Januari, Bhateri aliamka, akawasha jiko, akafungua simu aangalie maua yake. Programu ya ujumbe haikuwepo. Pale ilipokuwa kila siku palikuwa na nafasi tupu. Zilibaki programu tano, zote za ofisi.

Alidhani ni yeye. Hilo aliwahi kulisema mara nyingi baadaye, na kila mara sauti yake ilipanda. Alidhani amebonyeza vibaya kwa vidole vyake vyenye unga. Alizima, akawasha. Alikifuta kioo kwa mtandio. Alipekua kila kona ya simu hiyo hadi jua likatoka kwenye ukungu, akijiita mjinga, darasa la nane, mwanamke wa samadi. Hata mumewe alimwambia kutoka kitandani, "Uliambiwa usiguseguse." Alipochoka alimpigia Phuli.

"Hata yangu imeondoka, dada," alisema Phuli. "Na ya mhudumu wa Bhainsru. Hujabonyeza kitu wewe. Ni Mlinzi."

Bhateri alimpigia Narwal. Simu iliita muda mrefu.

"Mama Bhateri," alisema afisa, kwa upole kabisa, "nimeletewa taarifa yako hapa mezani. Kwa mwezi mmoja umepokea picha za maua mia nne na kumi. Mia nne na kumi! Simu ya umma imegeuzwa bustani? Sasa wote mmeondolewa programu hiyo, msije mkasema nimewaonea. Kesho njooni wilayani, kuna somo la matumizi mema."

"Mheshimiwa, kuna wajawazito ambao..."

"Ambao nini? Wanakutumia maua?"

Hapo Bhateri alikwama. Angesema ndiyo, siri ya wake arobaini wa maua ingekuwa mezani kwa afisa ambaye dada yake ameolewa kijijini hapohapo. Kabla ya chakula cha mchana kila mama mkwe angejua maana ya waridi, na dakika kumi za asubuhi zingekwisha. Akasema, "Hapana, mheshimiwa. Nilitaka kujua tu saa ya somo."

Mchana huo alianza kupita nyumba kwa nyumba akiwaambia wake kwa mafumbo kwamba bustani imefungwa. Alianza na za waliokaribia kujifungua, akazimaliza ishirini na tatu kabla ya giza; mtaa wa Antim, ulio mwisho wa kijiji, ulikuwa bado. Jumanne alikuwa kwenye zulia la wilaya tangu asubuhi hadi alasiri akifundishwa, kwa picha za ukutani, kwamba simu si mchezo. Angetoroka, lakini Mlinzi alikuwa akiwaonyesha walipo, na asiyeonekana ukumbini angefutwa kazini. Basi akakaa. Alikaa pale, watu wazima thelathini na mmoja wakifundishwa kama watoto waliokamatwa na peremende, na wakati huohuo, mwendo wa saa moja kutoka hapo, Antim alikuwa akibonyeza waridi.

Jumatano saa tatu asubuhi alifika mtaa wa Antim. Alimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba, uso umeumuka hadi macho yamekuwa mistari. Kitabo alikuwa kichwani pake akimkanda kwa mafuta ya haradali, na alipomwona Bhateri mlangoni hakusema karibu. Alimtazama tu, kwa macho ambayo Bhateri hakuyaelewa siku hiyo.

"Vimulimuli," Antim alisema. "Tangu juzi, shangazi. Kama cheche za fundi chuma."

Bhateri hakusubiri mtindi. Alifunga mashine kwenye mkono wa Antim, akaisoma, akaisoma tena akitumaini imeharibika. Aliita gari la wagonjwa. Baba mkwe akauliza kutoka uani nani ameomba gari, na hapo Kitabo akafanya jambo ambalo halijapata kuonekana katika nyumba ile: alimjibu mumewe kwa sauti.

"Nyamaza na kiko chako!"

Ndani ya gari Antim alipatwa na kifafa cha mimba. Bhateri alikishika kichwa chake asijigonge, akamlaza ubavu, akamwita jina. Na pale, katikati ya mtetemo ule, simu iliyokuwa kifuani mwake ilianza kulia mlio wa king'ora. Alidhani ni hospitali. Akaitoa. Ilikuwa imeandika kwa herufi nyekundu: *Umetoka nje ya eneo lako la kazi. Rudi.* Haikunyamaza hadi walipofika.

Antim hakufa. Madaktari walimrudisha. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa amekwisha kufariki. Tangu jana, walisema, jana jioni pengine. Jumanne. Kule wafu huchomwa moto, lakini watoto wachanga huzikwa. Babu yake alimzika pembeni mwa shamba la miwa, mahali pasipopitiwa na jembe.

Siku ya tatu Bhateri alikwenda nyumbani kwao. Kitabo alikuwa uani anapiga samadi ukutani ikauke iwe kuni, viganja vimejaa, na hakunawa.

"Umekuja kuazima chekeche?" alisema. "Au kuuliza nyati?"

"Mama Mkubwa, nimekuja kukupa pole."

"Pole kaitume kwa ua! Mara saba, mwanamke wewe! Jumatatu nne, Jumanne tatu. Nilimpa simu mwenyewe. Nilimwambia tuma tena, labda amelala. Wewe ulikuwa wapi?"

Bhateri aliweka mkoba wake chini. "Ulikuwa unajua?"

"Unanidhani mimi jiwe? Mwaka mzima naona mkamwana wangu akituma asumini, na siku ya tatu Bhateri huyo, anatafuta chekeche! Nyumba hii ina machekeche matatu na hujapata kuondoka na hata moja." Kitabo alipangusa uso kwa mkono wa juu. "Nilijua. Nikanyamaza. Mimi nilizaa sita nikazika watatu, na hakuna mtu aliyepita nyumbani kwangu. Nikasema huyu acha apitiwe. Sasa niambie, ulikuwa wapi?"

Bhateri alimweleza. Alitoa simu, akamwonyesha nafasi tupu. Kitabo aliisogeza karibu na macho, mbali na macho.

"Nani aliiondoa? Waliingia kwako?"

"Hawakuingia. Walikuwa hukohuko wilayani."

"Wakakuambia?"

"Hapana. Nilidhani nimebonyeza vibaya."

Bibi yule alimrudishia simu. "Yaani mtu yuko mjini," alisema taratibu, "kakalia kiti chake, anakunywa chai yake. Akanyoosha kidole akakuziba masikio. Na wewe ukajiona mwenye makosa."

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Na ninyi wote mlipiga makofi mlipopewa."

Kitabo akanawa mikono.

Kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likimsukuma Bhateri, nalo lilikuwa ndani ya simu ileile. Kila kifo cha mtoto lazima mhudumu akijaze kwenye programu ya ofisi, na programu huuliza sababu ya kuchelewa kupata huduma. Unachagua; huandiki. Kulikuwa na familia kukataa, kulikuwa na ukosefu wa gari, kulikuwa na uzembe wa mhudumu, na kulikuwa na *mama hakutoa taarifa*. Hakuna mahali pa kusema jambo la tano. Na usipochagua, programu haikuruhusu kwenda mbele, haikukubali hata kuandikisha vidonge vya mwingine. Karani wa Narwal alikuwa amekwisha kumpigia mara mbili. "Chagua ile ya mwisho tu, mama, ndiyo wanayochagua wote. Haikugusi wewe."

Haikumgusa yeye. Ilimgusa nani, basi?

Ijumaa ya wiki iliyofuata walipanda trekta la miwa lililokuwa likienda kiwandani, Bhateri na Kitabo, wakakaa juu ya mzigo wamejifunika mashuka kwa ajili ya baridi. Hawakuzungumza njiani. Ofisini waliketishwa kwenye benchi hadi saa sita, na Phuli, aliyekuwa amekuja kuchukua chanjo, akakaa nao bila kuulizwa.

Narwal aliwapokea vizuri. Aliagiza chai. Alisema amesikitishwa sana na msiba.

"Mheshimiwa," Bhateri alianza, "programu inataka niseme Antim hakutoa taarifa. Sitasema. Alitoa. Mara saba."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi kwa nini hukwenda? Angalia sana unalosema, mama. Hapo unajitia hatiani mwenyewe."

"Haikunifikia. Uliifunga njia."

"Mimi?" Narwal alitabasamu kwa huruma. "Namba za kupiga zote ziko wazi. Simu ya kawaida inapokea. Angepiga."

"Angepiga!" alisema Phuli. "Mheshimiwa, mama yako alipokuwa mkamwana alimpigia nani?"

Narwal hakumtazama. Kitabo ndiye aliyesimama. Aliingiza mkono kifuani, akatoa simu ya nyumba yao, akaifungua kama alivyofundishwa na Antim mwenyewe, akaiweka juu ya mafaili ya afisa. Bhateri alitaka kumzuia: siri ya wake arobaini ilikuwa imewekwa mezani. Saba, moja chini ya jingine, mawaridi mekundu yenye umande wa bandia, na kila moja limeandikwa kwa dhahabu asubuhi njema.

"Haya," alisema Kitabo. "Hayo ndiyo maneno yake. Soma."

Afisa alisoma. Akapandisha kidole, akashusha. Uso wake ukalegea, akamgeukia Bhateri kama mwalimu aliyeonyeshwa jibu lake mwenyewe.

"Lakini si ndiyo hayahaya niliyokuwa nikiyasema?" alisema. "Haya si maneno, mama zangu. Ni maua."

Bhateri alielewa, palepale, kwamba siri yao haikuwa hatarini hata kidogo. Haikuhitaji kufichwa. Ilikuwa imefunuliwa mbele ya afisa mwenye elimu, kwenye mwanga wa dirisha, na afisa hakuiona, kwa sababu hakudhani kwamba wanawake wale wanaweza kuwa na jambo la kuambiana. Alikuwa ameyahesabu maua mia nne na kumi. Hakuuliza hata moja lilitoka kwa nani, wala kwa nini. Na hasira iliyompanda Bhateri hapo haikuwa ile ya kutetemesha mikono. Ilimtuliza.

"Mheshimiwa," alisema, "mama mkwe wake ni shahidi. Mimi ni shahidi. Andika kwamba Antim alitoa taarifa."

"Programu haina nafasi hiyo."

"Mlipotaka kuondoa, mliweza. Sasa ongezeni."

"Hilo linatoka juu. Nitaandika juu."

"Na ile ya ujumbe utaturudishia?"

"Nalo nitaandika juu."

"Basi huyo wa juu naye awekewe Mlinzi," alisema Phuli, "tujue yuko wapi."

Bhateri alitoa laini yake ndani ya simu ya serikali kwa kutumia pini ya nywele. Aliirudisha simu ndani ya boksi lake, lile alilopigwa nalo picha, akaliweka karibu na kikombe cha chai ambacho hakukigusa. Narwal alimwambia kwamba bila simu kazi yake haitahesabika. Alijibu kwamba wajawazito wake hawajahesabika vilevile, na bado wanazaa. Hakuwa amepanga kusema hivyo. Alikuwa mwanamke asiyepanga maneno.

Nje, Kitabo alimkabidhi Bhateri simu ile ya nyumba yao, akabadili nia, akaichukua tena.

"Hapana," alisema. "Ikikaa kwako wataifuata. Wake wote waambie maua walete kwangu. Mimi mzee, nani atauliza kwa nini bibi anatumiwa maua? Nitakuja mimi kwako. Nitakuja kuazima chekeche."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kukicha Kheri Bhullan, bibi Kitabo huketi kwenye kigoda karibu na nyati akiwa na miwani ya mumewe, anapekua bustani yake. Siku nyingine huja kwa Bhateri akitembea polepole. Siku nyingine huja karibu mbio, ameishika sketi yake ndefu kwa mkono mmoja, anawatukana mbwa. Antim amerudi jikoni, huongea polepole kuliko zamani, na hutuma ua la manjano kila asubuhi kwa simu ya baba mkwe, ingawa mpokeaji yuko hatua kumi kutoka kwake. Bhateri bado anazunguka nyumba zake na daftari la karatasi. Hajafutwa, hajathibitishwa, jina lake limeachwa likining'inia.

Lakini ile sababu ya kuchelewa haikubaki tupu. Wiki ya pili Phuli aliangalia kwenye simu ya ofisi, akamkuta Antim ameandikwa. Mtu fulani wilayani alikuwa amechagua kwa niaba ya Bhateri. *Mama hakutoa taarifa.*

Tangu siku hiyo kila Jumatatu Bhateri huenda wilayani; mwanzoni alipanda trekta la miwa, na msimu wa miwa ulipokwisha alikwenda kwa miguu. Hakai kwenye benchi. Husimama mbele ya dirisha la karani, hushusha mtandio hadi usawa wa nyusi, na husema maneno yaleyale, kwa sauti ambayo wote waliomo ndani husikia.

"Antim, mke wa dereva, Kheri Bhullan. Alitoa taarifa. Mara saba. Badilisheni."

Karani humwambia limeandikwa juu. Bhateri hujibu kwamba atakuja Jumatatu.